Fundi Aliyeacha Ngano

Alikupima kwa macho kwanza, tepu ikafuata. Ukisimama mbele ya kibanda chake pale Ruring'u, kabla hujasema kama umeleta suruali au umekuja kusalimia tu, alikuwa ameshakutazama kiunoni na kurudisha macho kwenye cherehani. "Thelathini na nne," angesema. Kisha tepu ingezungushwa na kuonyesha thelathini na nne. Katika miaka kumi na moja ya ujirani wetu nilimwona akikosea mara mbili, na mara zote mbili mteja alikuwa amechomekea sweta ndani ya suruali kwa ajili ya baridi ya Julai.

Mimi nilikuwa mlango wa pili. Nina kinu cha kusagia nafaka, kile ambacho watu hapa hukiita poshomili, na kati yangu na yeye palikuwa na ukuta mmoja wa mabati. Kinu kikinguruma, hakuna aliyemsikia. Kikizimwa, cherehani yake ilisikika ikienda bila haraka. Mtaa mzima ulimwita mama huyo Fundi. Sikuwahi kumuuliza kwao ni wapi wala ana umri gani. Nadhani alikuwa amenizidi kwa miaka kumi na mitano hivi.

Kila mteja alijua habari ya mishono yake. Mafundi wengine hukata kitambaa kinachobaki ndani ya nguo ili ikae vizuri mwilini. Fundi alikiacha, vidole viwili kila upande, akazishona kingo zake zisichanike. Wasichana waliotaka magauni ya kubana walinung'unika.

"Fundi, hii kitambaa yote ndani inanifanya nikae mnene."

"Ni kitambaa ama ni wewe?"

"Ai, Fundi!"

"Mwili sio mbao, msichana wangu. Leo iko hapa, kesho iko pale. Nikikata sai, ukirudi utanipata na mkasi nikijuta."

Nilianza kushuku kwamba anaumwa siku nilipomwona akijipima mwenyewe. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, kabla wateja hawajafika. Alizungusha tepu kiunoni juu ya gauni lake la rangi ya maruni, akasoma, akaikunja. Jumatatu iliyofuata alirudia. Baada ya miezi michache nililiona lile gauni limepunguzwa kwenye mbavu, na kabla ya mwaka kuisha lilikuwa limepunguzwa tena. Lakini kitambaa hakukikata. Ungeweza kuona jinsi kilivyojaa ndani, kama vitabu viwili vyembamba vilivyofichwa ubavuni.

Alikuwa ameshatibiwa kila kitu. Kliniki moja ilimpa dawa ya amiba, nyingine dawa ya taifodi, ya tatu ikasema ni vidonda vya tumbo na kumkataza pilipili, ambayo hakuwa akila. "Nimemeza dawa ya amiba," aliniambia, "mpaka amiba zenyewe zimechoka na mimi." Tumbo lilimvimba, choo kilimsumbua, damu ilipungua hadi viganja vikawa vyeupe. Kilichomwogopesha si maumivu. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na sasa akikanyaga kwa nusu saa alilazimika kupumzika, paji la uso likiwa juu ya meza ya cherehani.

"Nikishindwa na hii pedali," alisema siku moja bila kuinua kichwa, "mimi nitakuwa nani?"

Kisha akainuka, akaanza tena kukanyaga.

Ni daktari mmoja kijana, mwanamke, katika hospitali moja mjini, aliyetaka kuona ndani. Waliingiza mrija wenye kamera kupitia mdomoni na kunyofoa kipande kidogo cha utumbo. Nimesoma maelezo mengi ya ugonjwa huu tangu siku hiyo, lakini lililonielea vizuri zaidi ni lile alilonipa Fundi aliporudi.

"Ndani ya utumbo kuko kama taulo mpya," alisema. "Zile nyuzi zimesimama, ndizo zinafyonza chakula. Yangu sasa imelala. Imekuwa kama taulo ya gesti."

"Na nini imeilaza?"

Alitoa karatasi kwenye mkoba. Daktari alikuwa ameandika maneno matatu, majina ya nafaka: ngano, shayiri, rai, na chini yake neno la nne: gluteni.

"Wewe ndio msomi wa hapa," akasema. "Niambie hii ni mdudu gani."

Usomi wangu si wa kujivunia. Niliacha shule kidato cha pili, na mengine nimeyasoma peke yangu kwenye kinu, kati ya mteja na mteja. Nilimweleza kwamba si mdudu. Ni kitu kinachokaa ndani ya ngano yenyewe, ndicho kinachofanya unga ukikandwa uvutike usikatike. Watu wengi hakiwadhuru. Mwili wake ndio hukiona kama adui, na ukipigana nacho hujiumiza wenyewe. Hakuna dawa ya kumeza. Dawa ni kukiacha, chote, maisha yote.

Akafikiri. "Kwa hivyo chapati."

"Chapati."

"Na mandazi. Na mkate."

"Vyote."

"Lakini nduma, viazi, githeri, ugali, uji ya wimbi?"

"Hivyo havina shida."

"Basi nimeambiwa nile kama cucu yangu," akasema, na akacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Lakini bibi yake hakuishi kwenye mji wenye maduka. Jumamosi moja tulikwenda pamoja dukani na miwani zetu mbili, tukasoma pakiti rafu baada ya rafu. Tulikuta ngano ndani ya soseji. Tulikuta ngano ndani ya mchuzi wa soya, ambao mimi ningeapa kuwa ni soya tupu, na ndani ya viungo fulani vya supu. Kinywaji kimoja cha kimea, ambacho alikuwa akinywa ili apate nguvu, kilikuwa cha shayiri. Nilifurahi, nakiri, kama mtu anayetatua fumbo. Mwenye duka alitufuata kwa macho hadi akashindwa kuvumilia.

"Nyinyi ni wa serikali?"

"Hapana," Fundi akamjibu. "Sisi ni wa tumbo."

Katika mambo ya kazi sijawahi kujua mtu mkweli kuliko yeye. Kama kitambaa chako kilikuwa kibaya alikuambia ni kibaya. Kama umenenepa alikuambia umenenepa. Kwa hiyo nilishangaa nilipogundua uongo wake.

Huku kwetu, mtu akikupa chakula nyumbani kwake na ukikikataa, unasema jambo zito bila kufungua mdomo. Na chakula cha heshima siku hizi ni chapati. Fundi alialikwa kwenye ruracio ya binti wa jirani, siku ambayo wazee wa pande mbili hukaa kuzungumzia mahari. Chapati zilipofika kwake akasema, asante, mimi sili ngano. Mama mwenye nyumba akasimama na hotipoti mkononi.

"Ati huli?"

"Daktari amenikataza."

"Akukataze chapati? Hiyo ni ugonjwa ya wapi? Mama, sema tu kama chapati yangu ni chafu."

"Sio hivyo."

"Ama unafikiria nimeiwekea kitu?"

Meza nzima iligeuka kumtazama. Fundi alipokea chapati mbili. Tangu siku hiyo hakukataa tena popote. Alizipokea, akazisifia, akazikata vipande vidogo, na wakati watu wakiomba au wakiangalia mgeni anayehutubia, vipande vilishuka kimoja kimoja ndani ya mkoba wake uliofunguliwa mapajani. Akirudi mtaani alimmwagia mbwa wa kinyozi wa mtaa. Yule mbwa alijua Jumamosi kuliko sisi, na akimwona Fundi amevaa kitambaa cha kichwa cha sherehe alimfuata hadi kona ya barabara na kumngoja hapo mpaka jioni.

"Unawadanganya watu," nilimwambia.

"Nawashonea," alijibu. "Kila mtu anataka kuona upande wa nje."

Mwezi wa nne tangu aache ngano, hakuwa amepona. Alipata nafuu, ndiyo, lakini ilikuja na kwenda. Daktari alimuuliza kama ana hakika hali ngano, na lile swali lilimuudhi sana. Basi nikapendekeza tuandike. Nilinunua daftari, nikalipiga mistari: siku, chakula cha asubuhi, cha mchana, cha jioni, hali ya tumbo. Kila jioni kabla ya kufunga alisimama kwenye mlango wangu na kusoma siku yake, mimi nikiandika. Nilimuuliza kama alionja chochote kwenye sherehe, kama alitumia kijiko cha mtu. Nilimuuliza mpaka habari za makombo ndani ya mkoba, naye akaufua mkoba kwa sabuni mbele yangu.

Baada ya wiki tisa mpangilio fulani ulianza kuonekana. Alikuwa akiumwa siku tatu au nne mfululizo, kisha anapona taratibu, kisha anaumwa tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyeutambua, akitazama daftari juu ya bega langu.

"Hii ni siku nafungua unga mpya ya uji. Unga ikikaribia kuisha, ndio napona."

Nilisema ni ukungu. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu sumu ya ukungu kwenye nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Nikamwambia abadilishe mahali pa kununua wimbi. Akabadilisha. Nikamwambia aioshe na kuianika juani. Akaosha, akaanika juu ya paa la kibanda, akakaa chini akifukuza ndege kwa rula ya kushonea. Kisha akaileta kwangu, nikamsagia, na siku ya pili akalaza kichwa juu ya cherehani.

Ni lazima nieleze kazi yangu. Kinu hakitoi kila kitu kilichoingia. Kikombe kimoja hivi cha unga hubaki ndani, kwenye pembe na nyuma ya chekeche. Kwa hiyo kila mteja huchukua kidogo cha aliyemtangulia na kumwachia kidogo anayemfuata. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa kila mmoja anapoteza anachokipata. Nimeona watu wakigombana kwenye foleni kwa sababu nyingi, lakini si kwa hiyo. Na mara moja moja watu wa upande wa Narumoru, wanaolima ngano kidogo, huniletea niwasagie, au mama fulani huchanganya ngano kwenye uji wa watoto.

Fundi alikuwa ameniuliza, wiki ile ile ya karatasi ya daktari.

"Wewe husaga ngano?"

"Mara chache. Lakini nikimaliza husafisha."

Nilisema kweli kama nilivyoijua. Kusafisha, kwa msagaji, ni kupitisha kopo moja la mahindi baada ya nafaka nyingine na kuwapa kuku unga ule. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyomfundisha kijana anayenisaidia kinuni.

Siku chekeche lilipotoboka nilizima umeme, nikafungua kinu chote. Nyuma ya chekeche, kwenye pembe ya chini, palikuwa na unga ulioshindiliwa hadi ukawa mgumu kama udongo, tabaka jeupe juu ya tabaka la kahawia. Niliubandua kwa bisibisi. Sijui kwa nini niliulowesha badala ya kuutupa. Labda ni kwa sababu nilikulia karibu na mashamba ya ngano, na tukiwa watoto tulikuwa tukitafuna punje mbichi za ngano mdomoni hadi wanga wote unaisha na kubaki ubani mweupe wa kuvutika, kama chingamu. Hatukuwa na pesa za ubani wa dukani. Mahindi hayakuweza kufanya hivyo, wala wimbi, wala mtama. Ni ngano peke yake.

Niliufinyanga ule unga kiganjani, nikauweka chini ya maji ya mfereji na kuukanda polepole. Maji yalitoka meupe, kisha yakatoka safi. Kiganjani palibaki donge dogo la kijivu, si kubwa kuliko punje ya haragwe. Nililivuta. Lilivutika.

Ningeweza kulitupa. Naandika hili kwa sababu nilifikiria kulitupa, kwa muda wa kutosha kufunga mfereji.

Nilikwenda mlango wa pili nikalionyesha. Alilichukua kwa vidole viwili, akalivuta na kuliachia, akalivuta tena, jinsi anavyojaribu lastiki kabla ya kuitia kwenye sketi.

"Hii ni raba."

"Ni ngano, Fundi. Imetoka kwa kinu changu." Nikamweleza nilivyoulowesha unga na kuukanda chini ya maji.

Alitazama kazi yake. Cherehani ilikuwa na sare ya shule iliyoshonwa nusu, sindano ikiwa ndani ya kitambaa.

"Miezi hii yote," akasema, "umekuwa ukiniandika. Kijiko. Mkoba. Mate ya watu. Kila kitu kwa mdomo yangu umeandika, Baba Muthoni."

"Najua."

"Na hukujiandika."

Alinirudishia lile donge, akaendelea kushona. Nikarudi kwangu.

Hakunikasirikia kwa namna ambayo ningeweza kujibu. Alinisalimia kila asubuhi. Lakini hakuleta tena nafaka kwangu, na hakusoma tena siku yake mlangoni. Wiki chache baadaye alishindwa kumaliza sare alizoahidi, na kwa mara ya kwanza nilimwona akirudisha kitambaa cha mteja bila kushonwa. Binti yake akaja na gari kutoka Nanyuki. Cherehani ilipakiwa kwanza, ikafungwa kamba, yeye akapanda mwisho. Gauni la maruni lilikuwa limepunguzwa mara ya tatu.

"Jichunge," nilimwambia.

"Nitajichunga mimi," akasema.

Nilinunua kinu kidogo cha pili. Nilikiweka kwenye chumba cha nyuma na mlango wake, na juu yake nikaandika kwa rangi: NGANO HAPANA. Wateja walikicheka. Walikiita kinu cha mtakatifu, wakaniuliza kama kinakubali mahindi ya mwenye dhambi. Kila Jumapili mchana nilikifungua, nikakwangua pembe zote, nikalowesha nilichokipata na kukikanda chini ya maji. Niliandika matokeo kwenye lile lile daftari, chini ya siku zake. Mwaka na nusu ulipita hivyo. Namba yake nilikuwa nayo. Sikuipiga, kwa sababu sikujua ningeuliza nini kwanza.

Kisha mkanda wa kinu kikubwa ukakatika na saizi yake ikakosekana mjini, nikaambiwa nijaribu Nanyuki. Asubuhi ile kabla ya kuondoka nilisaga kilo moja ya wimbi kwenye kinu kidogo na kuitia kwenye mfuko mpya.

Nilimpata kwa kuuliza mara mbili tu. Alikuwa na chumba nyuma ya soko, mlango wazi, upepo wa mlima ukiingia, na juu ya kamba zilining'inia suruali za kijeshi zenye madoadoa zikingoja kufupishwa. Cherehani ilikuwa ile ile. Alikuwa akiikanyaga. Aliinua macho, akanitazama kiunoni.

"Umekonda, Baba Muthoni."

"Ni safari."

"Safari ya saa moja haitoi inchi mbili. Kaa."

Aliniambia habari za Nanyuki kama tuliachana jana. Wanajeshi wa kigeni ni warefu mno na suruali zao bado huwa ndefu kuliko wao. Duka moja kubwa lina rafu nzima ya vyakula visivyo na ngano kwa ajili ya wageni. Alinunua mkate mmoja huko ili ajue. "Ni kama ile sponji ya kuosha sufuria. Nilikula nusu, nusu nikaoshea." Uji ndio uliomshinda, kwa kuwa hakuamini tena kinu chochote. Alijaribu jiwe la kusagia la mama mkwe wa bintiye, mabega yakamshinda, akaacha. Miezi yote hiyo alikuwa akila viazi asubuhi.

Nilitoa mfuko nikauweka mezani. Nikamweleza kuhusu kinu kidogo, mlango, maandishi, Jumapili. Nilisema kwa kifupi iwezekanavyo.

Alifungua mfuko, akachukua unga kiasi cha kujaza kiganja, akaenda kwenye ndoo yenye mfereji pale kona. Aliulowesha, akaufinyanga, akaukanda chini ya maji, taratibu, kwa kidole gumba. Sikuwa nimemweleza jinsi ya kufanya hivyo ila siku ile moja. Maji yalitoka ya rangi ya matofali, kisha yakafifia. Aliendelea kukanda muda mrefu baada ya maji kuwa safi. Kisha akanigeuzia kiganja. Hakikuwa na kitu. Na hakikuwa cheupe tena.

Akawasha jiko la gesi.

Alipokuwa amenipa mgongo akikoroga, ndipo nilipolitazama gauni vizuri. Lilikuwa lile la maruni. Limepauka kwa miaka ya jua, lakini pande zote mbili za mbavu palikuwa na mikanda miwili ya kitambaa ambacho hakikuwahi kuona jua, ya rangi nzito kama siku kilipotoka dukani, na kati yake matundu madogo ya sindano mahali mishono ilipofumuliwa. Mishono miwili ilikuwa imefumuliwa. Wa tatu, wa kwanza kupunguzwa, ulikuwa bado umeshika.

Tulikunywa uji. Yeye alikunywa vikombe viwili. Sote wawili tulijua hesabu: kama unga ule ulikuwa na ngano, tumbo lake lingesema ndani ya siku tatu.

Siku ya kwanza simu haikulia, wala ya pili, wala ya tatu. Siku ya nne asubuhi, wateja wakiwa foleni, nilizima kinu ili niisikie.

"Baba Muthoni." Nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa ikienda bila haraka. "Ile unga imeisha."

"Na wewe?"

"Mimi niko kwa kazi, husikii?" Pedali haikusimama. "Leta ingine. Na hiyo suruali ulikuwa umevaa, kuja nayo niipunguze. Sitakata."